Kibao cha Haddow

Hapakuwa na mji. Palikuwa na mbigili na ng'ombe,
na upepo uliotoka kusini bila kukutana na ukuta.
Mhandisi wa Kiskoti, ofisini kwake Buenos Aires,
alivuta mstari kwa rula juu ya ramani tupu;
penseli ikagonga fundo la ubao wa meza, ikapinda.
Reli nayo ikapinda.
Mpaka leo, mita mia mbili kabla ya jukwaa,
abiria waliosimama hulaliana mabegani
wakaombana radhi kwa kosa la meza.

Haddow ndilo lilikuwa jina lake. Hakuwahi kutia mguu hapa.
Matofali yalikuja kwa meli, na mhuri wa kiwanda mgongoni,
na paa la mabati, na saa yenye nyuso mbili,
na kengele nzito ambayo wapagazi wanne waliitukana njia nzima.
Miaka mitatu stesheni ilisimama peke yake
kama mlango uliotangulia nyumba.
Kisha Wabaski wakaja na madebe ya maziwa,
Waitaliano na miiko yao ya chokaa,
Msiria Nazar Chedid na sanduku la vifungo na uzi,
mlango ukapata kuta.
Herufi ya kwanza hawakuitamka, kwa desturi ya lugha yao;
ya mwisho waliiacha kwa uvivu.
Unashuka wapi?
Ado.

Shangazi yangu Ofelia alipiga chapa katika ofisi ya bima
miaka thelathini na mmoja, treni ya saa kumi na mbili na robo.
Hakuitazama saa. Alifuma.
Kutoka Ado hadi mjini: safu kumi na nne.
Treni ikichelewa, sweta ilirefuka,
na mwaka ule wa mgomo baridi
sisi watoto tulivaa mikono iliyopita ncha za vidole.

Kuna jambo ambalo kitabu cha manispaa hakikuliandika.
Kipupwe cha mwaka sabini na saba
wanajeshi walisimama jukwaani wakisoma vitambulisho,
taratibu, kama watu wasio na treni ya kuwahi.
Horacio Zubeldía, mwanafunzi wa jiolojia,
aliifunga baiskeli yake kwenye uzio, kama kila asubuhi,
akapanda.
Mama yake alikuja Jumapili na chupa ya mafuta ya cherehani,
akaulainisha mnyororo, akajaza upepo, akaondoka.
Na Jumapili iliyofuata.
Mafundi walipoupaka uzio rangi ya kijani
waliizunguka ile baiskeli kwa brashi ndogo.
Hakuna aliyewaagiza.

Dirisha la tiketi likazibwa kwa mbao.
Kengele iliibwa usiku wa mvua,
au iliuzwa, inategemea unamuuliza nani.
Miaka ya njaa, treni isiyo na viti
iliwabeba waokota maboksi pamoja na mikokoteni yao,
usiku, taa zimezimwa,
nasi wenye ajira tukijifanya hatuijui ratiba yake.
Saa imebaki, nusu yake.
Uso unaotazama mjini bado unakwenda;
unaotazama mashamba, ambayo sasa ni maghorofa,
umekwama saa moja kasoro dakika kumi.
Anayekwenda kazini husoma ukweli.
Anayerudi, hata iwe usiku wa manane,
hukuta ni saa moja kasoro kumi
na chakula hakijapoa.

Mwaka jana wakatia vipaza sauti ndani ya mabehewa.
Mwanamke aliyerekodiwa, sijui wapi,
hulitaja jina lote, na pumzi ya H mbele:
Haddow,
kama mwenyewe alivyokuwa akijitambulisha.
Siku ya kwanza wazee waliinua vichwa
kutafuta ni nani anayeitwa.
Watoto wa shule wakamsahihisha kwa pamoja: Ado!
Treni ikaingia kwenye kona,
nikamwangukia begani mtu nisiyemjua.
Samahani, nikasema.
Akakunja gazeti lake.
Ni ile meza, akasema.