Mbao za Kitanda

Mwezi wa saba, nje kidogo ya Kupiškis,
saa nne usiku na bado kuna mwanga.
Kuku wa Genovaitė hawataki kuingia bandani.
Vilemba vimepauka, mayai hayafiki hata matatu;
jogoo mwenyewe amelala juu ya trekta.

Akasubiri giza,
akapitisha kitambaa cheupe chini ya kichanja.
Kikarudi na madoa mekundu
yanayotembea.

Utitiri.
Mchana hujibana nyufani, mdogo kuliko punje ya chumvi;
usiku hutoka kudai.
Naye mikono ikamwasha hadi viwikoni.

Kichanja ni mbao za kitanda cha Rokas,
aliyekwenda Norwei kupasua samaki,
akasema, "Mama, kitumie, sirudi karibuni."
Miaka tisa, hiyo karibuni.

Alijaribu majivu. Chokaa. Mafuta ya taa.
Nyufa zina subira kumshinda mjane.

Jumapili akavunja, akachoma zote
ila ubao mmoja uliochongwa kwa kisu cha jikoni:
R, O, K, A, na nusu ya S,
pale aliposhikwa.
Huo akaumwagia maji ya moto, birika baada ya birika.

Ameuegemeza ukutani, mbali na kuku.
Kila asubuhi
anaupitishia kitambaa cheupe.