Bei ya Bao Moja

Mimi si mtu wa mpira, mimi ni mtu wa risiti,
mweka hazina wa Nyota ya Tudor, mwaka wa tisa sasa.
Ofisi yangu ni chumba juu ya duka la matairi, Makupa,
na feni yake inazunguka kama refa anayeogopa kutoa kadi.

Msimu ulipokwisha nilipiga hesabu
ambayo hakuna aliyeniomba.
Obura, mshambuliaji wetu mwenye jina,
elfu themanini kwa mwezi,
goti lake linajulikana na kila daktari wa Mombasa:
mabao manne.
Nyanje, mtoto wa Mikindani, miaka kumi na minane,
mkataba wake wa kwanza, miaka mitatu, elfu kumi na mbili:
mabao kumi na saba.

Nikagawanya.
Bao la Obura, laki mbili na elfu arobaini.
Bao la Nyanje, elfu nane mia nne na sabini,
na senti zinazobaki.
Nikagawanya tena, maana raha ya hesabu ni kuirudia.

Kikaoni nilisimama kama bwana harusi.
Mwenyekiti alicheka hadi chai ikamwagika sahanini.
"Huyu," akasema, "tumemwokota."
Na mimi, Mola anisamehe, nililipenda neno hilo.
Tumemwokota.
Kama noti ndani ya suruali ya zamani.

Basi Jumamosi moja, saa kumi na moja alfajiri,
mke wangu akanituma Kongowea,
vitunguu vya pilau, harusi ya mpwa wake.
Lori la Taveta lilikuwa linashusha mzigo.
Nikaona mtu chini ya gunia,
nikamjua kwa mguu kabla ya uso,
ule wa kushoto, unaokanyaga ardhi kama unaiomba radhi.
Saa tisa mchana ule alikuwa na mechi.

Hakuona haya. Aliyeona ni mimi.
"Shikamoo, Bwana Famau.
Gunia moja shilingi thelathini,"
akaniambia, akijua mimi ni mtu wa bei.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.
Hawakusema upishi wa nani.
Nikasimama na kikapu changu, nikagawanya upya:
elfu nane mia nne na sabini,
jumlisha magunia, jumlisha uti wa mgongo,
jumlisha usingizi wa kijana wa miaka kumi na minane.
Hakuna kilicho rahisi.
Kuna mtu tu aliyelipa kilichopungua
asipewe risiti.

Mchana ule alifunga mawili.
Bei ikashuka tena.

Jumatatu nikapeleka barua: aongezwe.
Mwenyekiti akaisoma,
akaikunja, akaikunja, ikawa ndogo kama hirizi.
"Mkataba ni mkataba, Bwana Famau. Tunaye miaka miwili bado.
Na Obura tumlipe nini?"

Na Obura, ukitaka kujua, simlaumu.
Umri kama huo yeye alicheza kwa soda na nauli.
Elfu themanini zile ni deni la ujana
linalolipwa kwa goti lisilokunjika.

Alhamisi Nyanje akapanda ngazi, viatu mkononi.
Nikajua ni mkopo. Nikavuta droo kabla hajaketi.
"Sikujia hilo," akasema.
Mlangoni nyuma yake alisimama mvulana mwembamba,
mguu wa kushoto uleule.
"Mdogo wangu, Dzombo. Ana kumi na tano.
Jumapili kuna watu wanakuja kumtazama.
Nataka umfundishe kugawanya."

Nikamvutia kiti, nikampa kalamu.
Tukaanza na laki moja na elfu arobaini na nne,
gawanya kwa kumi na saba.
Ulimi nje, kidole mezani, akashuka nayo tarakimu kwa tarakimu,
na alipofika kwenye baki akataka kuifuta.

Nikamshika mkono.