Tundu la Upana wa Kidole

Odiwuor, mpakiaji miwa wa Muhoroni,
jina lako ni usiku wa manane,
nami ndiye ninayekuletea usiku mwingine
saa tatu asubuhi, Kisumu, jua limejaa dirishani.

Daktari Chelagat alikuambia: tundu dogo,
upana wa kidole, kesho kutwa utatembea.
Kweli. Ila udogo wa tundu haupunguzi kina.
Yeye anautazama uti wako kwenye kioo;
mimi natazama yaliyobaki,
yaani wewe.

Tumekulaza kifudifudi.
Macho nimeyafunga kwa utepe, nikayakagua tena:
jicho likikandamizwa saa mbili huamka gizani.
Tumbo lako lining'inie, lisibanwe,
damu isije ikafurika kule juu.
Na mrija ulio kooni, ukichomoka sasa,
nani atakugeuza upesi, wewe wa kilo tisini na sita?

Dawa ya kulegeza misuli nimekubania.
Sitaki ulegee kabisa: mshipa wa fahamu ukiguswa,
mguu uruke, utushtakie.

Umeruka mara moja. Chelagat akasimamisha mkono.
Kisha akasema, polepole, "Maji."
Tone angavu, si damu. Maji ya uti.
Hakuna aliyepayuka. Akaziba, tukangoja, mashine ikahesabu.

Sasa umeamka, midomo mikavu,
unauliza kama lori limeshaondoka.
Utalala chali siku mbili; ukiinuka mapema
kichwa kitakuwanga hadi ujute.
Hayo nitakueleza baadaye.

Kwanza, Odiwuor, sogeza dole gumba.
Si la mkono.
La mguu. La kushoto.

Tena.