Mikaratusi ya Baba

Baba aliipanda mwaka niliozaliwa,
kumi na minne, ukingoni mwa kijito,
akasema: hii ndiyo ada yako.
Mitatu ikanilipia kidato cha kwanza.
Iliyobaki ikaendelea kunywa.

Hatukuisikia ikinywa.
Tulisikia ndoo tu, mwaka hadi mwaka,
zikikwaruza mawe palipokuwa na kina.

Juzi kamati ya misitu ilipita na kopo la rangi nyekundu.
Tulizo Luhwago, mshika daftari,
yule aliyemtoza faini kaka yake wa tumbo moja
kwa gunia la mkaa,
alisimama mbele ya mti wa kwanza, brashi mkononi,
asipake.
Alinitazama.

Ukungu wa Kilolo ulikuwa haujanyanyuka.
Mtu alikohoa. Nikaipokea brashi.
Alama kumi na moja.
Mkono ukabaki na harufu ya rangi
na ya yale majani tuliyofukizwa utotoni,
blanketi kichwani, mafua yakitoka kwa machozi.

Leo msumeno umenguruma hadi saa saba.
Kesho tunateremsha miche ya mivengi,
mti usiomlipia mtu ada,
mifupi bado, kama vidole vya mtoto,
inayokunywa kwa adabu na kubakiza.

Mama hakuja kutazama.
Ameagiza tu aletewe kuni za matawi,
na zisiwe mbichi.

Maji hayajarudi.
Jioni nimekaa juu ya kisiki cha mwisho,
nguo ikalowa:
unyevu ungali unapanda,
haujaambiwa.