Nambari Ndani ya Sikio

Dervla ndiye aliyetia sahihi,
mimi nikashika kamba.
Ukapanda gari kama mzigo uliozoea kupakiwa,
huna swali, huna shukrani,
mbwa wa mbio, mstaafu wa miaka mitano,
mbavu zote nje, mkia umefichwa tumboni.

Nyumba ilikuwa ugenini.
Mlango wa kioo uliupiga kwa pua,
ukarudi nyuma, ukainama kwa adabu,
kana kwamba wewe ndiye mwenye kosa.
Tukaubandika karatasi za njano.
Mashine ya kufulia iliponguruma
ulijibanza nyuma ya kochi, ukakojoa.
Dervla akafuta, asiseme neno.

Na ngazi! Vikombe viwili umeshinda,
ngazi hukuwahi kukutana nayo.
Vidato kumi na vitatu.
Nilipiga magoti nyuma yako,
goti la kushoto likilia kama bawaba:
mguu wa mbele, haya, na mwenzake,
sasa wa nyuma, hivyo, mama, hivyo,
na Dervla kule juu na soseji.
Siku nne. Pakiti tatu.
Ya tano ulipanda kwa miruko miwili
kisha ukasimama juu ukilia,
maana kushuka ni somo jingine.

Mengi hatukuambiwa.
Kwamba ngozi yako ni karatasi ya sigara:
waridi la Bi Heffernan lilikuchana, nyuzi saba.
Kwamba ukifurahi meno hugongana,
yale yaliyobaki; kumi na moja yaling'olewa.
Kwamba baridi ya Januari hukuingia hadi mfupani,
ndiyo maana unavaa sweta la kijani
lenye mikono minne, wapita njia wakacheka,
nami nikacheka nao, kisha nikaona haya.
Kwamba mapenzi yako yana uzito:
unakuja, unaniegemea pajani kilo ishirini na nane,
nikisogea utaanguka,
basi sisogei,
chai inapoa.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, walisema,
hawakukuona wewe saa kumi na mbili jioni:
jikoni, sebuleni, jikoni,
zulia limekunjamana, kiti chali,
sekunde ishirini za wazimu,
kisha puu! miguu minne hewani
kama meza iliyopinduliwa.

Ilikuwa Novemba. Nakusafisha masikio kwa pamba
na maji ya uvuguvugu, umelala mapajani pangu.
Ndani ya sikio, wino wa kijani. Herufi. Nambari.
Nikachukua kile kitabu chako chenye jalada gumu,
ambacho Dervla alikitia kwenye droo ya vijiko,
nikasoma jina lako la uwanjani.

Nalijua jina hilo.
Ijumaa ya mvua, Clonmel, mbio ya sita,
fulana ya mistari myeusi na myeupe.
Euro arobaini, pesa za bima ya gari.
Kona ya pili ulichechemea, ukamaliza wa nne,
nami nikiwa nimeng'ang'ania uzio
nikakuita neno nisiloweza kuliandika hapa.
Nikachana tiketi.
Sikuuliza mguu gani.

Ni wa nyuma, wa kulia. Najua sasa.
Naukanda kila usiku kabla ya habari,
kidole gumba kinapita juu ya kile kifundo
kilichounga vibaya.
Dervla anasema, unamdekeza huyo.
Sijamwambia.

Usiku unalala macho wazi.
Miguu inaanza: kwanza kucha tu,
kisha mabega, kisha kochi zima linatikisika.
Daktari alionya, msimguse akiota, mwiteni kwa mbali.
Nasimama mlangoni na soksi zangu.
Sijui ni mbio gani unayokimbia,
wala kama yupo mtu uzioni.
Pegi, nakuita, polepole,
jina tulilokupa sisi,
Pegi, umeshafika.