Karani wa Sensa Aniuliza Kazi

Kijana ameketi juu ya ndoo niliyomgeuzia,
kishikwambi mapajani, kidole tayari.
Jina? Nyanzobe Lushinge.
Umri? Arobaini na sita.
Kazi?

Hapo wengi hujibu haraka.
Mimi sijibu kitu kabla sijamtazama mtu mikononi.
Yake inatetemeka kidogo: njaa,
au nyumba yangu ni ya sitini tangu asubuhi.

Ningemwambia:
nilianza kiwandani Ilemela, nikitoa minofu ya sangara,
kisu, barafu, buti nyeupe mpaka magotini,
na saa ya chai tukicheza lastikadi juu ya kreti.
Anayeshindwa anaosha sakafu.
Miaka miwili sikuosha sakafu.

Ningemwambia juu ya hoteli moja ya Kapripointi,
chumba cha nyuma, kiyoyozi kinachokohoa,
wanunuzi wa dhahabu kutoka Katoro,
na Bwana Kermali wa duka la vipuri
aliyenifundisha poka kwa maharage badala ya fedha,
kisha akajuta.
Usiku wa kwanza nilipoingia
walidhani nimeleta chai.

Watu hudhani kazi hii ni kuthubutu.
Kazi hii ni kutupa.
Karata mbili zinakuja, unazichungulia pembeni, unazirudisha.
Zinakuja, unazirudisha,
tangu isha hadi alfajiri,
kama korongo wa Mwaloni
asimamaye juu ya bati kutwa nzima na kipara chake
mpaka mtu amwage matumbo ya samaki.

Mtaa wetu ni Pasiansi.
Kermali alicheka aliposikia: upo mchezo wa karata, alisema,
wa mtu aliye peke yake,
jina lake linakaribia hilo.
Nikamwambia ndio huo ninaoucheza,
ninyi wengine mmekaa tu mezani.

Ninalo daftari.
Machi: mabati ishirini na manne, na misumari yake.
Juni: ada ya Minza, muhula wote, na godoro.
Septemba, Entebe: ree mbili mkononi, ya kopa na ya shupaza,
na kijana mwenye saba na mbili akasukuma kila alichonacho.
Mara nane kati ya tisa ningeshinda.
Ile ilikuwa ya tisa.
Nilirudi kwa basi, Masaka, Mutukula, Bukoba,
mahindi ya kuchoma yakipoa mkononi, nikipiga hesabu upya.
Hesabu ilikuwa sawa.
Hilo ndilo linalouma.

Novemba haina mstari.
Novemba nilicheza ili nirudishe.
Kiwanja cha Buswelu kiliondoka saa tisa usiku
na sikuwa na karata mbaya,
nilikuwa na hasira.

Mama anaiita fedha ya shetani
na unga wake anausonga vizuri, hauna hata donge.

Juu ya paa letu pana jiwe limekaa juu ya jiwe,
kubwa kuliko kanisa, limeinama kama linalotaka kunong'ona.
Kila masika wageni huuliza: halitaanguka?
Halijaanguka, nawajibu,
nao huridhika,
kumbe sijawajibu.

Mama, kazi? anarudia kijana.

Nina mkono mzuri. Daftari liko chini ya mto,
miaka kumi na minane ya wino,
naweza kuliweka lote mezani sasa hivi.
Naisoma orodha yake kichwa chini:
mkulima, mvuvi, mfugaji, fundi.
Jua limeshafika kizingitini,
na nyumba ya jirani bado hajaigonga.

Andika unavyoona, nasema.
Anagusa mahali.
Mama wa nyumbani.

Nazilaza karata zangu kifudifudi.
Nainuka,
namletea chai.