Ngozi Ili Maji

Walikukata kipande pajani, Masalu,
kikubwa kama stempu ya posta.
Kikanifikia maabara, mlimani, ndani ya kichupa chenye barafu,
jina lako limekosewa: "Masaru".
Nikalisahihisha kwa wino mweusi
kabla ya kufanya lolote jingine.

Wodini mgongo wako ulikuwa wazi
tangu karabai ilipolipuka mbele ya Kome,
dagaa wamejaa wavuni,
wenzako wakikumwagia ziwa kwa upo.
Mama yako, Nyanzobe, alisimama mlangoni kwangu:
"Mwanangu mnamwotesha kama mpunga?"
Nikacheka.
Kisha nikaona kwamba ndiyo.
Kitalu, maji, joto, kungoja, kupandikiza.
Alijua kazi hii kabla yangu.

Siku ya tatu, chini ya hadubini,
seli zako zilikuwa kama watu waliowahi mno gulioni:
kila mmoja na nafasi yake, hakuna salamu.
Siku ya nane zikaanza kushikana.
Nilizibadilishia lishe, nyekundu kama juisi ya rozela,
sahani tisa, asubuhi na jioni, Jumapili pia.
Dirishani gugumaji lilitanda Kirumba
lisijue kutosheka;
hizi zikigusana bega, zinasimama.
Aliyezifundisha adabu hiyo simjui.

Sahani zenyewe zina siri.
Kwenye nyuzijoto thelathini na saba hushika seli kama mdai;
zikipoa huziachia, bila kisu, bila dawa,
utando mzima ukainuka na gundi yake chini.
Kwa hiyo niliogopa baridi kuliko vijidudu.

Usiku wa kumi na saba umeme ukakatika.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Bugingo mlinzi akateremka Igogo na dumu la njano kutafuta dizeli,
nami nikakifunika kiatamizi kwa blanketi la wodini,
nikakikumbatia,
kuku aliyewekewa mayai ya bata.

Thelathini na nne.
Thelathini na moja.
Ishirini na tisa.
Tochi ya simu mdomoni, nikachungulia:
kingo zimeanza kujikunja
kama utando wa maziwa pembeni mwa sufuria.
Siku mbili kabla ya siku yenyewe.

Nikampigia Dokta Nyamizi saa nane usiku.
"Zinaachia zenyewe."
Kimya. Nikasikia vyura wa Luchelele ndani ya simu.
"Zimetanda zote?"
"Karibu zote."
"Karibu inatosha. Ngozi ivute ili maji. Nakuja."

Nilitembea korido nzima kama mwenye mtungi bila kata.
Utando ule ni mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu;
nilibana pumzi nisije nikaupeperusha.
Taa za betri. Mgongo wako.
Tukalaza wa kwanza, wa pili, wa nane.
Wa tisa ulichanika mkononi mwangu.
Hilo pengo chini ya bega la kushoto,
pale panapokuwasha mvua ikikaribia,
ni langu.

Jana ulikuja na kilo mbili za dagaa wakavu
ukaomba kuona ulikolelewa.
Nikakuonyesha sahani moja niliyoificha,
safi, tupu, haina hata alama.
Ukaigusa kwa ncha ya kidole,
ukakiacha hapo kitambo.

"Ina baridi," ukasema.